Tupeane uzoefu: filamu tulizoonyesha na kutengeneza wenyewe, Unguja na Pemba

Mtoto wa Vuga (mwanzisha mada)
Asalaam aleykum wenyeji. Nimekua nikiwasikia wazee wakihadithiana foleni za majumba ya sinema, Majestic na Cine Afrique, watu wamevaa kama wanaokwenda harusini. Mimi sikuwahi kuingia. Tulichobakia nacho ni tamasha la filamu, ZIFF, pale Ngome Kongwe, nayo ni siku chache kwa mwaka.

Ndiyo sababu tunakusanyana wenyewe, Jumamosi moja kwa mwezi baada ya isha: ukuta wa chokaa, projekta ya kuazima, majamvi. Sharti ni moja. Filamu ikimalizika haondoki mtu mpaka tuzungumze. Hapo ndipo penye kazi, maana Mzanzibari ukimuuliza habari ya filamu ya mwenziwe aliyekaa naye jamvi moja, atakwambia "nzuri, mashaallah" huku anatafuta viatu. Sasa kila mtu anataja kitu kimoja alichokiona, si alichokipenda. Mmoja akasema: "Nimeona kuku anapita nyuma ya mzee anapolia." Kuku yule tulimjadili nusu saa. Mwenye filamu hakuwa na habari naye!

Haya, leteni yenu, hata ya kuaibika.

Mkarafuu wa Konde
Mie nilimrekodi bibi yangu akichambua karafuu. Akanambia, "Mikono chukua, uso niachie." Basi ikawa dakika kumi na moja za mikono, karafuu huku, makonyo kule, na sauti yake akisimulia ujana wake.

Nilipoionyesha kijijini, kijana mmoja akasema haina kisa, mtu hajui anangoja nini. Wallahi niliumia. Mama mmoja aliyekaa nyuma akamjibu: "Lile pakacha lilianza limejaa, sasa tupu. Wataka kisa gani tena?" Mie mwenyewe sikuwa nimeliona. Nikairudia kuikata, nikaanza na pakacha.

Fundi Taa, Ng'ambo
Mnaorekodi ndani kwa simu mkaona mistari myeusi inatembea ukutani, msiilaumu simu. Umeme wetu ni hezi 50, taa ya tyubu inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na simu nyingi hurekodi fremu (picha) 30 kwa sekunde, haziendi sawa na taa. Weka fremu 25, na shata, yaani muda kila picha inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Niliharibu harusi nzima ya binamu yangu kabla sijalijua hilo. Mpaka leo hatujaizungumza.

Bi Pwani, Jambiani
Sisi tulitundika shuka baina ya minazi miwili. Kusi ikaligeuza tanga. Tukalitoboa matundu upepo upite, muigizaji akawa na ndui uso mzima.

Kaka wa Jenereta
Mnakumbuka Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima haina umeme? Mjomba wangu alikuwa na jenereta na deki ya video. Tukatangaza filamu ya Kihindi uwanjani. Walikuja watu wa mtaa mzima, na kila mmoja na chaja mkononi! Sikuwa na ujasiri wa kumkataza mtu. Simu zikapangwa mezani kama samaki sokoni, na filamu haijafika nusu, petroli ikatuishia.

Watu hawakuondoka. Mzee mmoja akasema hii kaiona zamani, akaimalizia kwa mdomo gizani, na nyimbo zake kaziimba. Mama mtu alisamehe, ndugu wakapatana, wanawake wakalia. Miaka baadaye nikaipata filamu yenyewe. Mwisho wake sivyo kabisa: mama mtu anakufa hajasamehe. Mie naupenda zaidi ule wa mzee.

Mgeni Chake
Na ruhusa mnafanyaje?

Mtoto wa Vuga
Sheha, kiongozi wa mtaa, tunamwarifu mapema; kibali tunaomba BASSFU, baraza la sanaa na sensa ya filamu. Anzeni wiki kadhaa kabla, msingoje siku ya mwisho kama tulivyofanya sie mara ya kwanza.

Mkarafuu wa Konde
Kaka wa Jenereta, huyo mzee yu hai? Hiyo ya kwake ndiyo filamu hasa. Mwezi ujao navuka, nakuja na maiki.

Kaka wa Jenereta
Yuhai, alhamdulillah. Lakini njoo asubuhi. Jioni yuko kwenye bao, hasemi na mtu.