Tumekatwa alama kwa kumsikiliza mteja! Somo la mifumo chuoni kwetu Dodoma ni kituko

Wakuu habari za jioni. Uzi huu ni wa hasira, nawaonya mapema. Chuo sitakitaja. Niko Dodoma, mwaka wa tatu, na somo ni uchambuzi na usanifu wa mifumo ya habari. Kwenye mtaala limeandikwa kwa mbwembwe: obijekti (kuunda programu kwa vitu vyenye taarifa na kazi zake), UML (lugha ya michoro ya kuonyesha mfumo), mbinu za ajaili (agile, kutengeneza kidogo kidogo huku ukimsikiliza mteja). Kinachofanyika darasani ni mambo ya mwaka 47.

Muhula huu kila kundi lilitakiwa kutengeneza mfumo wa kweli. Wengi walichagua maktaba au ATM, maana michoro yake imejaa mitandaoni, unanakili unaenda kulala. Sisi na kiherehere chetu tukachukua zabibu. Tukachangishana nauli, tukapanda daladala mpaka Hombolo, kwenye kikundi cha wakulima wanaopima mzigo pamoja na kuuza pamoja.

Kabla ya kwenda tulikuwa tumeshachora hosteli mchoro wa klasi, yaani aina za vitu ambavyo mfumo utavitunzia taarifa: Mkulima, Shamba, Mzigo. Mkulima mmoja mizigo mingi, mzigo mmoja mkulima mmoja. Dokta, mhadhiri wetu, aliusifia, akausaini.

Kufika kule, mwenzetu Mgogo akamsalimia mama karani "mbukwenyi", mama akalegea, akatufungulia kaunta buku lake. Mstari wa tatu tu tukakwama. Majina mawili, katikati alama ya mkwaju (/), kilo 212. Tukadhani kakosea.

"Hao ndugu, wanangu. Shamba kawaachia baba yao. Wanavuna pamoja, napima pamoja, ila hela kila mtu na yake. Mkubwa hapo ana kilo 130, zinazobaki za mdogo."

Nawaambia ukweli, dakika ile nilielewa somo kuliko mihula yote niliyokaa kwenye viti vya plastiki. Mzigo unaweza kuwa na wakulima wengi na mkulima mizigo mingi. Sasa zile kilo 130 unaziweka wapi? Ukiziweka kwa Mkulima, mzigo wa kesho utazifuta. Ukiziweka kwenye Mzigo, hujui ni za nani. Lazima klasi nyingine ikae katikati. Tukaiita Mgawo. Tukaandika programu, baada ya wiki mbili tukarudi na laptop, mama akaingiza mizigo mwenyewe kwa kidole kimoja, akatuambia kitufe cha kufuta tukitoe, "vijana watafuta madeni yao hawa". Tukakitoa palepale.

Siku ya kuwasilisha, Dokta kafungua kabrasha la ripoti yetu ya mradi. "Mchoro niliosaini sura ya tatu hauna Mgawo. Huu umetoka wapi?" Tukaeleza, tukaonyesha mpaka picha ya daftari. Jibu lake: mahitaji, yaani orodha ya mambo ambayo mfumo unatakiwa kufanya, yalifungwa wiki ya nne. Alama 12 kati ya 40 zikaenda na maji. Waliokopi maktaba, ambao hawajaongea hata na mkutubi mmoja, wamepata 36.

Wakuu, watu 17 walikutana Utah Februari 2001 wakaandika ilani ya ajaili. Ina kanuni 12, na ya pili inataka mabadiliko ya mahitaji yapokelewe hata kazi ikiwa imefika mbali. Slaidi hiyo Dokta huyuhuyu ndiye aliyetuonyesha, tukaikariri! Hata Royce, aliyechora ule mtiririko wa hatua kwa hatua mwaka 1970, alionya kwenye andiko lilelile kwamba kuufuata hivyo ni kujitafutia balaa.

Kikao cha kila siku cha skramu (mojawapo ya hizo mbinu za ajaili), cha kuambizana kazi imefika wapi na nani kakwama, nacho kinatakiwa kiwe dakika 15. Chetu ni mahudhurio. Mnasimama nje ya maabara, jua la Dodoma mnalijua, anaita majina ya darasa zima, saa nzima inaisha, hakuna aliyesema amekwama wapi.

Mtihani ndiyo usiseme. Booch, Rumbaugh na Jacobson waliunganisha namna zao za kuchora ili watu waelewane, na UML ikapitishwa kuwa kiwango mwaka 1997. Kwetu mimi nimekatwa alama mbili kwa sababu ile alama ya almasi inayounganisha klasi mbili kwenye mchoro sikuijaza wino. Sikuulizwa kwa nini ijazwe. (Ni pale sehemu inapokufa pamoja na kitu kizima, kama kuna anayetaka kujua. Najua. Kalamu ilikuwa inaisha.)

Halafu kabrasha: kurasa 84, nakala 3, shilingi 100 kwa ukurasa. Piga hesabu, toa kwenye bumu, na kubaindi bado. Sisemi makabrasha hayana kazi, hata ile ilani haikusema hivyo. Lakini kabrasha letu lina mchoro wa uongo uliosainiwa, na programu ina mchoro wa kweli uliokatwa alama. Dokta kasema tukitaka alama zirudi, tuitoe Mgawo ili programu ifanane na sura ya tatu.

Mliopita huko, rufaa ya alama za mradi inaanzia kwa mkuu wa idara au ofisi ya mitihani? Na kuna aliyewahi kukata rufaa asiandamwe mpaka kwenye sapu?

Nijibiwe haraka tafadhali, maana mama karani kapiga simu jana. Mavuno ya pili yanakaribia, anauliza atumie ile programu au anunue kaunta buku jipya.