Radi ya kutumwa: tunaswali, tunasali, kisha tunamsaka mchawi

Mtoto wa Buha:
Wadau wa Kigoma, hili tulijadili bila matusi. Kijijini kwetu huku Kasulu radi imepiga mwembe, mbuzi wote waliojikinga chini yake wamekufa. Kijana aliyekuwa akiwachunga alianguka, akaamka mzima. Basi maneno yakaanza: kama si ya kutumwa, mbona imechagua? Hadi magharibi jina la bibi mmoja lilikuwa limeshaenea kijiji kizima.

Haijachagua. Radi ikishuka mtini, umeme husambaa ardhini. Mnyama ana miguu ya mbele huku na ya nyuma kule, kwa hiyo umeme unapanda kwa mmoja na kushukia mwingine, na moyo uko njiani. Mtu aliyechutama miguu pamoja ana nafuu, ingawa kupona bado ni bahati.

Ila ugomvi wangu hasa ni na sisi waumini. Qur'ani ina sura inayoitwa Ar-Ra'd, yaani Radi, na aya ya 13 inasema Mwenyezi Mungu ndiye anayeipeleka ikampata amtakaye. Kwenye Biblia, Ayubu 38, Mungu anamuuliza Ayubu kama anaweza kuutuma umeme ukaenda. Sasa bibi asiye na hata nauli ya kufika Mwandiga tumempa uwezo ambao Ayubu hakuwa nao! Na wapo wahubiri wanaoilea imani hii, maana maombi ya kufungua vifungo yana sadaka yake.

Mzee wa Zamani:
Kijana, umeeleza umeme unavyopita. Hujaeleza kwa nini siku ile, mwembe ule, mbuzi wa mtu mwenye kesi ya mpaka wa shamba. Halafu hivyo vitabu vyenyewe vimeutaja uchawi. Mnachukua mnachokipenda tu.

Mtoto wa Buha:
Shikamoo mzee. Umetajwa, sikatai. Al-Baqara 102 inawasema wachawi, lakini hapo hapo inasema hawamdhuru mtu ila kwa idhini ya Mungu. Kumnyooshea jirani kidole ni jambo jingine, na Sheria ya Uchawi, ya tangu 1928, inalihesabu kuwa kosa. Kuhusu kesi ya mpaka: mzee wangu, Kasulu hii nani hana? Radi ingepiga popote ingemkuta mwenye kesi.

Mwalimu wa Mlimani:
Msidhani ni sisi tu. Ulaya watu walipanda minara ya makanisa kupiga kengele ili kuifukuza radi, wakafa na kamba mkononi. Radi kuwa umeme kulithibitishwa 1752, na kengele ziliendelea kupigwa miaka mingi baadaye.

Shule ninayofundisha iko juu kilimani, imeezekwa bati, haina mtego wa radi. Fedha za mganga aje kuizindika zilichangwa upesi, wakristo kwa waislamu. Za waya wa shaba na fimbo ya kuchimbia ardhini bado tunabembelezana, na mvua ndiyo hizi. Mwenye kumjua fundi wa kazi hiyo huku Kasulu aniwekee bei yake hapa.