MJADALA: Mifumo ya shule na saccos zetu ikae klaudi ya nje inayolipwa kwa dola, au seva ya nyumbani?

Mleta mada (Dar)

Wakuu habari zenu. Naomba tulijadili hili bila kurushiana maneno maana linagusa pesa za wazazi. Mimi na wenzangu wawili tunaendesha mfumo wa shule, yaani ada, mahudhurio na matokeo, tuna shule arobaini na kitu za Dar, Pwani na Morogoro. Tumehosti kwenye klaudi ya nje, yaani tunakodi seva za kampuni kubwa ambayo sitaitaja. Kila mwezi bili inakuja kama dola 80, tumeshazoea. Sasa muhula uliopita shule zikaamua kupandisha ripoti za wanafunzi kwa PDF, kurasa zimepigwa picha na simu, faili moja zito kweli, wazazi wakaanza kushusha, na mzazi mmoja anashusha mara tatu mara nne kwa sababu bando linakata katikati anaanza upya. Mwisho wa mwezi bili dola 260.

Hakuna aliyetuibia. Kila senti ipo kwenye invoisi, mita ilizunguka basi. Ila shule zinatulipa kwa muhula, kwa shilingi, bei tuliyokubaliana Januari, siwezi kumrudia mwalimu mkuu nimwambie wazazi wako wameshusha sana ongeza hela. Tumelipa mfukoni.

Hoja yangu ni hii. Taasisi inayokusanya shilingi kidogo kidogo, iwe shule, zahanati au saccos, haifai kabisa kuwekwa kwenye klaudi ya tumia kwanza lipa baadaye. Kwenye umeme tulishalielewa hili zamani, Luku ikaja, unanunua yuniti zako, zikiisha giza, lakini hudaiwi. Mimi nataka klaudi ya namna hiyo, na ikiwezekana iwe hapahapa nchini. Wapo wanaosema serikali iweke sharti kabisa kwamba taarifa za wanafunzi zisitoke nje. Nyie mnaonaje?

Mchangiaji wa Mwanza

Dada pole kwa hiyo bili ila mimi nakupinga. Tatizo lako sio nje wala dola, tatizo ni trafiki inayotoka, yaani data inayotoka kwenye seva kwenda kwa mzazi anaposhusha, na hii watu wengi hawaisomi kabla ya kujisajili, wanaangalia bei ya seva tu.

Sijui uko kwa nani na sitaki kujua, nachukua bei za klaudi ya Amazon kwa sababu zimetangazwa kila mtu anaweza kuziangalia. Tuseme mwezi mmoja wazazi wameshusha GB 1,000. GB 100 za kwanza ni bure, zinabaki 900. Ukiwa seva za Ulaya ni dola 0.09 kwa GB, inakuja dola 81. Seva hiyohiyo ukiipeleka Cape Town, kwa kuwa umesikia ipo karibu na sisi, ni dola 0.154 kwa GB, inakuja dola 138.6, ukiipiga kwa 2,500 ni shilingi 346,500. Hiyo ni trafiki peke yake, seva hujalipa, diski hujalipa. Na tangu Februari 2024 kila anwani ya IP ya umma, ile namba inayofanya seva yako ipatikane mtandaoni, inalipiwa dola 0.005 kwa saa, fanya hesabu ya mwezi ni kama dola 3.65, kwa mtu mwenye kiseva kidogo hiyo inakaribia bei ya seva yenyewe.

Sasa nenda kampuni nyingine, DigitalOcean, seva ya dola 6 kwa mwezi inakuja na GB 1,000 ndani yake, ukizidisha ni dola 0.01 kwa GB. Hetzner kule Ujerumani wanakupa TB 20, yaani kama GB 20,000. Wote hao wako nje, wote wanalipwa kwa fedha za kigeni, na mwezi wako wa matokeo ungepita usiusikie. Kwahiyo usihamishe nchi, hamisha aina ya bei. Alafu punguza uzito wa hizo PDF jamani, ripoti ya mtoto mmoja haina sababu ya kuwa megabaiti nane.

Mleta mada

PDF tumeshazipunguza mkuu, tena ndio kitu cha kwanza tulifanya. Hiyo hesabu yako naikubali na imenifungua macho. Ila hujanijibu moja, kwa nini hakuna sehemu naandika "mwisho dola 100, zikifika zima"? Nilikuwa nimeweka onyo la bajeti, email ikaja, imekuja mita imeshapita.

Mchangiaji wa Mwanza

Hapo uko sahihi. Onyo la bajeti kwenye klaudi nyingi kubwa ni onyo kweli sio breki, na takwimu za matumizi zenyewe zinachelewa masaa kadhaa kufika. Wao wanasema wakizima ghafla wanaweza kumfutia mtu biashara au data. Kwa benki hiyo sababu ina maana, kwa shule ya kata haina.

Mchangiaji, fundi wa data senta (Dar)

Nafanya kazi kwenye data senta hapa mjini so mniwie radhi kama mtaona navutia kwangu. Mnaongelea bei tu mmesahau 12 Mei 2024. Ile Jumapili kebo za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika zote mbili baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na mnakumbuka nchi ilivyokuwa, mtandao ulikuwa kama umefungwa, siku kadhaa unabahatisha. Miezi michache nyuma, Februari, zilikuwa zimekatika zingine Bahari ya Shamu. Mwenye mfumo Ulaya au Cape Town alikuwa na seva nzima kabisa inawaka ila hakuna mtu wa kuifikia. Mwenye mfumo Dar, trafiki yake inapitia TIX, yaani pale makampuni ya intaneti yanapobadilishana trafiki za ndani, mzazi wa Mbagala alikuwa na njia ya kuingia kama kawaida kwa sababu hiyo safari haigusi bahari.

Alafu umbali. Mzazi wa Kibaha anaangalia matokeo ya mtoto anayesoma Kibaha, data inaenda Frankfurt inarudi, kila anapobofya. Kwa nini?

Na sasa hivi kuna faida nyingine, kanuni za Benki Kuu za 2025 zimekataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, kwahiyo sisi tunakuuzia kwa shilingi, bei ya mwezi, unajua Januari utalipa nini Desemba.

Mchangiaji wa Arusha

Kaka fundi nakuheshimu ila hapo kwenye "unajua utalipa nini" ngoja nikuambie yangu. Tuna kampuni ya kupeleka wageni hifadhini. Tulihosti ndani, kwa mtoa huduma ambaye simtaji, kwa uzalendo kabisa. Kwanza bei haipo kwenye tovuti, unaambiwa piga simu tukutumie kotesheni, na kotesheni ya jirani yangu ikaja tofauti na yangu kwa kitu kilekile. Tukalipa. Ijumaa jioni seva ikalala. Napiga simu ya sapoti inaita tu. Jumamosi hola. Jumatatu saa tatu ndio mtu anapokea ananiuliza "ulijaribu kurestati?" Bakapu, zile nakala za akiba? Zilikuwa kwenye mashine ileile iliyolala. Mungu mkubwa ilirudi.

Na wateja wangu wako Ujerumani na Marekani, wanaangalia picha za Serengeti wakiwa kwao. Sasa niweke seva Dar ili iweje? Tumehamia Ulaya, euro kadhaa kwa mwezi, iko haraka kwao na mimi nalala. Kwahiyo hilo sharti la serikali kwamba kila kitu kikae ndani mimi nalipinga kwa nguvu zote, litawapa watu wa ndani wateja ambao hawajawatafuta, na sapoti ndio itakufa kabisa.

Fundi wa data senta

Hilo la kotesheni kaka ni aibu yetu na siwezi kulitetea. Nimelisema ofisini mara nyingi.

Mchangiaji wa Nairobi

Salamu kutoka huku. Hii debate tumekuwa nayo sana. Mnasema dola dola, nyinyi mumeona kidogo. Januari 2024 shilingi yetu ilifika kama 160 kwa dola, mimi nilikuwa nimebajeti ya 125, seva ni ileile, wateja ni walewale, lakini gharama imepanda zaidi ya robo na sijabofya chochote. Baadaye mwaka huohuo ikarudi 130 hivi, lakini hiyo miezi ya katikati kuna wasee walifunga. Mwanzoni niliambiwa nichukue ile mkataba ya kukodi seva miaka tatu, inapunguza bei hadi asilimia 72 kwa aina zingine za seva, lakini mkataba ya miaka tatu kwa dola na mapato ya shilingi, hiyo ni kujifunga kamba. Discount ni kubwa, sikatai, lakini ni ya mtu anajua mapato yake ya miaka tatu.

Na kwa wale wanaona ni lazima kitu kikubwa kikae ng'ambo, kumbukeni seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani miaka mingi, zikaletwa Kenya 2015. Pesa ya nchi nzima ilikuwa inaenda Ulaya na kurudi ndio ulipie sukari. Ikaletwa nyumbani na ikaendelea kukua. Kwa hivyo inawezekana, lakini walileta wakiwa na pesa na watu wa kuilinda usiku na mchana. Shule arobaini hazina hiyo pesa.

Mchangiaji, mhasibu (Dodoma)

Mimi sio mtu wa kompyuta, nasoma tu invoisi zenu. Dada mleta mada, bei mnazozitaja hapa zote ni kabla ya kodi. Sheria ya fedha ya 2022 iliwaingiza watoa huduma za kidijitali wa nje kwenye VAT asilimia 18, kwahiyo dola 81 ya ndugu wa Mwanza andika 95.58. Ongeza makato ya kadi na rate ya benki ambayo sio ile unayoiona Google. Mkiwapa walimu wakuu bajeti waandikieni namba ya mwisho, sio ya kwenye tovuti.

Na suala la sheria mmelipita haraka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, haisemi kila kitu kikae ndani, inaweka masharti ya kutoa taarifa nje ya nchi. Majina ya watoto, picha zao, namba za wazazi, hizo ni taarifa binafsi. Mmeshaangalia mnavyotakiwa kufanya au mmeweka tu?

Mleta mada

Nimesoma zote na nimezisoma taratibu. Mhasibu, jibu la kweli ni kwamba tuliweka tu. Tulianza wanafunzi wa chuo, kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, credit ya bure ya miezi kadhaa, tukakua humohumo. Wiki hii tunaanza kushughulikia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Ndugu wa Arusha umenibadilisha kwenye sharti la serikali, nilikuwa nusu nusu, sasa naona serikali isiwalazimishe watu wa utalii. Lakini kwa shule na zahanati msimamo wangu haujatikisika. Mzazi yuko hapa, mtoto yuko hapa, ada ni shilingi. Nilichokosea ni kudhani nikisema "nyumbani" nimemaliza, kumbe nyumbani kusiko na bei ya wazi ni mita ileile tu imefichwa kwenye kotesheni.

Tulichoamua sisi watatu jana usiku, mfumo wenyewe unahamia data senta ya Dar kwa bei moja ya mwezi, kwa mkataba wa maandishi unaosema sapoti ya wikiendi inapatikana kwa namba gani na wakichelewa wanapunguza shilingi ngapi. Tumeomba kwa watoa huduma watatu. Mmoja katujibu kwa maandishi, wawili wametuambia tupige simu.

Mchangiaji wa Mwanza

Na bakapu utaweka wapi? Maana mwaka 2021 Machi jengo la seva la OVH liliungua Strasbourg, Ufaransa, kampuni kubwa kuliko hizo zetu zote, na waliokuwa na bakapu kwenye jengo hilohilo walipoteza vyote. Ukileta kila kitu Dar umeweka mayai kwenye tenga moja.

Mleta mada

Bakapu zinabaki nje, zikiwa zimefungwa kwa ufunguo tunaoushika sisi. Nimetafuta sehemu ambayo kuhifadhi unalipa na kushusha hulipi, Cloudflare na hifadhi yao ya R2 wako hivyo, dola 0.015 kwa GB kwa mwezi. Tuna GB 140, ni dola mbili na senti kumi. Hiyo hata ikipanda mara mbili naweza kuilipa bila kumpigia mwalimu mkuu simu. Hayo masharti ya kutoa taarifa nje yanaihusu na bakapu, najua, ndio maana tunaanzia Tume kabla ya kuhamisha chochote.

Fundi, wewe ulisema ofisini umelisema mara nyingi suala la bei. Naomba ulipeleke tena, safari hii wapelekee na huu mjadala wausome.

Fundi wa data senta

Naupeleka Jumatatu. Nitarudi hapa kusema walichojibu.