Pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kazini) tumejaza, mgonjwa aliyejinyima kula hatujui tumuanzie wapi. Nimechoka!

Wakuu habari zenu. Mimi ni muuguzi, mwaka wa tisa huu nipo wodi ya wanawake kwenye hospitali moja ya mkoa, na naandika nikiwa na hasira kwahiyo mnisamehe nikirukaruka.

Mwezi wa tatu tulipokea binti wa fomu faivu, miaka 17, kilo 31. Karatasi ya rufaa imeandikwa TB. Tukapima makohozi hakuna kitu, HIV hakuna, kisukari hakuna, na kila shifti inayoingia inasema huyu lazima ana ugonjwa umejificha, rudieni vipimo. Mapigo ya moyo 38 kwa dakika, mikono ya baridi, mgongoni vimeota vinyweleo laini kama vya kichanga. Mama yake amekaa pembeni na hotpoti ya supu anatuambia sista huyu mtoto hali, tangu mwaka jana hali, na sisi kwenye faili tukaandika "amepoteza hamu ya kula". Hamu alikuwa nayo! Aliniambia mwenyewe baadae kwamba alikuwa anaota chakula usiku. Alikuwa anaogopa kunenepa, ugonjwa wenyewe unaitwa anoreksia, yaani kabaki mifupa na bado anajifinya tumbo anasema hili hapa.

Sasa sikilizeni tulichofanya. Intani kaandika dripu ya dekstrosi, yaani sukari, tukatundika, mama tukamwambia mlishe sana, asubuhi uji, mchana wali, jioni ndizi na supu, na mimi ndio nilikuwa nasimama pale kuhakikisha anamaliza. Siku ya tatu miguu imevimba, anahema juujuu, anaongea vitu havieleweki, tukasema labda malaria imepanda kichwani. Aliyetushtua ni dokta wa watoto, alikuja kuazima mashine ya presha akaangalia chati, akauliza kwangu mtoto mwenye utapiamlo mkali naanza na maziwa maalum ya F-75 kidogokidogo kila baada ya masaa mawili matatu, F-100 yenye nguvu zaidi inakuja akishatulia, nyie huyu mmeanza na nini? Hakuna aliyejibu.

Mtu aliyeshinda na njaa miezi ukimjaza wanga ghafla, insulini inapanda na kusukuma chumvichumvi za fosfeti, potasiamu na magnesiamu ziingie kwenye seli, kwenye damu zinaporomoka, moyo unaweza kusimama. Thaiamini, yaani vitamini B1, inatakiwa itangulie, na hata kama sukari imeshuka ikabidi umpe dekstrosi basi thaiamini iende nayo. Inaitwa rifidingi sindromu, madaktari waliiona hadi kwa wafungwa wa Vita vya Pili vya Dunia waliotoka kambini wakala wakafa. Maabara yetu hawapimi fosfeti, ikabidi damu isafirishwe. Ujuzi wa kumlisha aliyekauka kwa njaa tunao jengo la pili, wodi ya watoto, miaka yote, na hakuna semina hata moja iliyowahi kutuambia kwamba hata dada wa miaka 17 anahitaji tahadhari ileile.

Binti alipona, alipelekwa rufaa ya juu akarudi mzima. Mimi sikupona. Nikatoa vyeti vyangu vyote nikavitandaza kitandani, miaka mitatu ya kuhuisha leseni, kunawa mikono, huduma kwa mteja, ujazaji wa mafaili, kunawa mikono tena. Magonjwa ya kula hakuna. Nikatafuta mwenyewe, nikalipa elfu 60 mafunzo ya Zoom ya watu fulani, wanatoa pointi. Dakika 40 mtu anasoma sleidi! Ya kwanza inasema anoreksia ni ugonjwa wa wasichana wa kizungu wenye uwezo. Nilitamani nizime. 2007 tayari kulichapishwa utafiti kwa wanawake wa Tanzania hapahapa ukaonyesha matatizo haya yapo, mkufunzi anakuja kutudanganya na watu wanaandika.

Halafu yakaja yale maswali matano ya SCOFF ya kumgundua mwenye tatizo la kula, yaliyotungwa London 1999, moja linauliza kama umepungua zaidi ya "stone" moja ndani ya miezi mitatu. Nikaandika kwenye chati, stone ni nini? Hakujibu. Ni kama kilo sita na nusu hivi, nimekuja kusoma mwenyewe. Mtihani wa mwisho majibu yakazunguka WhatsApp kabla haujafunguliwa, jioni cheti kikaja kinasema nimefuzu kuhudumia wagonjwa hawa. NIMEFUZU NINI? Nikimpa mtu dripu kesho akafa, kile cheti kitamsaidia nani?

Na kozi za nje nazo, mbali ya kulipia kwa dola, zinakufundisha kuhesabu vipande vya mkate kwenye sahani ya mtu mmoja. Yule binti kwao wanakula sinia moja watu saba. Anamega tonge, analizungusha kwenye mchuzi, analichezea, sinia linaisha na wote wanajua kala. Jumatatu na Alhamisi anasema kafunga sunna, nani atamlazimisha mtoto aache ibada? Na alivyoanza kupungua shuleni walimsifia, alipozidi wakaanza kunong'ona kwamba kaukwaa, kwahiyo mama akaanza kumficha ndani. Hakuna anayetufundisha kuuliza hayo, na ndiyo maswali yenyewe.

Msiniambie hatuna vifaa. Kuna kipimo mpaka leo nakifanya bila senti, mgonjwa analala chali umwambie ainuke akae bila kushika popote, halafu achuchumae asimame bila mikono. Akishindwa misuli imeshaliwa, huyo ni wa hatari hata kama anacheka na wewe. Kipo kwenye mwongozo wa Uingereza wa 2022, na hata wao walisukumwa na vifo, 2017 ilitoka ripoti kali kuhusu binti wa miaka 19 aliyefariki 2012, ikataka madaktari wafundishwe magonjwa haya. Sisi tunasubiri wafe wangapi?

Ninachotaka ni kidogo sana. Nusu siku, wodini sio hotelini, dokta wa watoto, mtu wa lishe na mtu wa afya ya akili wakae na sisi juu ya faili moja la mgonjwa halisi. Posho wabaki nayo. Barua nimeandika mara mbili, inchaji anasema wahusika wanaifanyia kazi.

Jana usiku mama wa yule binti kanipigia. Anasema mtoto anakula vizuri tu sikuhizi mbele ya watu, ila akimaliza anaenda chooni anafungulia bomba la maji muda mrefu, na ana vidonda juu ya vifundo vya vidole. Hizo ni dalili za kujitapisha kwa vidole. Nimemwambia amlete Ijumaa nimpime potasiamu, kutapika kunaishusha hata kama kilo zimerudi. Baada ya hapo sijui nimfanyie nini, na nina vyeti. Kama humu kuna aliyefundishwa kazi hii kweli, nani anamhudumia huyu mtoto baada ya Ijumaa, njoo PM.