Tupeane uzoefu: vituko na balaa za jenereta za nyumbani huku Mbeya, Iringa, Njombe na jirani

Mtoto wa Isyesye
Wakuu salaam. Jana radi imepiga huku kwetu, umeme ukaondoka magharibi na mvua juu. Haikupita nusu saa mtaa mzima unanguruma. Jirani yangu yeye ya kwake kaiweka koridoni, mlango kaurudishia ili isilowe, bomba la moshi linatazama chumba wanacholala watoto. Nikamgongea. Akanijibu, "Mwanangu, mbona dirisha liko wazi?" Tukabishana pale mlangoni hadi mkewe akatoka, akaisukuma mwenyewe mpaka banda la kuku. Kuku nao wana haki zao, lakini banda lina wavu pande tatu, nikaona afadhali.

Mwenye kisa chake akimwage hapa. Uliifunga wapi, nani alikufungia, iliunguza nini. Mimi ninayo ndogo ya 2.5 kVA, nataka niiunganishe na nyumba nzima, ndiyo maana nimeona nisikie kwanza.

Mnyalu wa Kihesa
Kamwene. Mabwawa ya umeme yako huku huku, Mtera mpakani kwetu, Kihansi kwetu, na bado ule mgao wa mwishoni mwa 2023 nilikuwa naamkia sheli na kidumu mkononi. Acheni tu.

Kisa: kinyozi mmoja Ipogolo alijaza petroli jenereta ikiwa inaunguruma, kwa sababu mteja aliyekuwa kwenye kiti hakutaka kusubiri. Mafuta yakamwagikia ekzosi. Mteja alitoka nduki na kichwa nusu. Kilichookoa kibanda ni mchanga wa ujenzi wa jirani. Kuna mtu alikuwa keshanyanyua ndoo ya maji, tukamkamata mkono. Petroli ukiimwagia maji inaelea juu yake na moto unatembea nayo. Zima, acha ipoe, ndipo ujaze. Mteja avumilie.

Dada wa Forest
Kichwa nusu jamani! Hahaha.

Mbena Mpiga Deal
Mimi yangu niliinunua Kariakoo, ikajaribiwa mbele yangu, ikavuta friji na pasi bila kulalamika. Nimefika nayo Njombe, moshi mweusi, inakohoa, pasi ikichomekwa inazima. Plagi ya injini nasafisha, kesho nyeusi tena. Nikajua nimeuziwa mkweche. Nani mwingine limemkuta?

Fundi Waya
Mkuu hujauziwa mkweche. Njombe mko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa nyembamba. Kabureta iliyopimwa kwa Dar inamwaga petroli ile ile, lakini hewa ya kuiunguza ni pungufu. Ndiyo huo moshi mweusi. Mwambie fundi pikipiki akuwekee jeti ndogo zaidi, kile kijitundu cha kupitishia mafuta kwenye kabureta, na ukiirudisha pwani uibadilishe tena, kule itapata moto kupita kiasi.

Nguvu yenyewe hata ukibadilisha jeti hairudi yote. Hesabu tunayotumia ni kupoteza kama asilimia 3.5 kila mita 300. Kwa Mbeya mjini, mita 1,700 hivi, karibu moja ya tano imekwenda. Mleta mada, kVA 2.5 zako ni kilowati 2 za karatasini. Huku toa hapo, unabaki na 1.6 hivi. Pasi peke yake ni kilowati 1, na friji wakati wa kuanza inavuta mara kadhaa ya kile ilichoandikiwa. Nyumba nzima sahau.

Mzee wa Mbalizi
Mafundi mnapenda kutisha watu. Mimi naendesha nyumba nzima miaka yote kwa waya wa dume kwa dume. Upande mmoja kwenye jenereta, upande mwingine kwenye soketi ya sebuleni, nyumba inawaka. Mein swichi nazima kwanza. Shida iko wapi?

Fundi Waya
Shida iko siku utakayosahau kuizima. Umeme wako unatoka nje, unapanda nguzoni, unafika kwenye transfoma. Transfoma haina macho. Ile inayoshusha 11,000 au 33,000 kuwa 400 za mtaani, ukiilisha kwa chini inapandisha kwenda juu. Fundi wa laini yuko nguzoni anajua line imekufa.

Na siku mtoto atakapochomoa ule waya ukutani, meno ya plagi yako wazi na yana volti 230.

Mzee wa Mbalizi
Kijana, mimi sisahau.

Dada wa Forest
Shikamoo mzee. Mama mkwe naye alikuwa hasahau. Umeme wa gridi ulirudi jenereta ikiwa imewashwa na mein iko juu, mlio mmoja tu, jenereta ikafa, TV ikafa, na taa za dukani kwa jirani zikaenda pia. Jirani alidai alipwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mpaka leo hawasalimiani.

Mzee wa Mbalizi
Marahaba. Lakini huyo ni mama mkwe wako, si mimi.

Ukungu wa Kitulo
Huyo jirani wa koridoni amenifukulia kitu nilichokuwa nimekizika. Ni ndefu, mnivumilie.

Msiba wa baba mkubwa, Makete, mwezi wa tatu. Wa huko mnajua mwezi wa tatu ulivyo: mvua haikatiki, na koti huvui hata ukiwa kitandani. Kijijini umeme ulikuwa haujafika, vijana wakakodi jenereta kwa ajili ya taa na spika za kwaya. Ikawekwa nje chini ya turubai. Usiku upepo ukaling'oa turubai. Shemeji mmoja, mtu mwema kabisa, akaihamishia jiko la nyuma isiingie maji. Jiko lile limeungana na chumba cha akina mama, na ukuta wa kati haufiki bati, umeishia usawa wa kenchi. Mle chumbani mikeka imejaa, mama zetu na bibi zetu wamelala wamebanana, jiko la mkaa katikati, madirisha yamezibwa kwa viroba.

Usiku mkubwa shangazi akatoka kuniomba dawa ya kichwa. Akasema wote mle ndani vichwa vinawagonga, labda ni kulia sana. Nani atashtuka? Msibani kila mtu kichwa kinamuuma. Baada ya muda binti mmoja akatapika mlangoni. Mwingine akataka kumshika, miguu ikamkataa, akakaa chini anacheka cheka, haeleweki. Halafu ndani likapigwa yowe: bibi anaamshwa, haamki.

Hapo pakachafuka. Mtu akasema marehemu anachukua wenzake. Likishatamkwa neno hilo msibani, saa hiyo ya usiku, hulirudishi. Mzee mmoja wa ukoo akaamuru mlango ufungwe, asitoke mtu wala kuingia, mpaka aletwe mtaalamu kutoka kijiji cha pili. Ufungwe! Jenereta inaunguruma jikoni na kuna wanaume wameshauegemea mlango kwa migongo.

Mjukuu wa marehemu, mwanafunzi wa unesi, alikuwa amelala kwenye gari. Aliamshwa na kelele. Akauliza swali moja tu, "Jenereta iko wapi?" Hakubishana na mzee hata kidogo. Alizunguka nyuma, akaizima. Giza likaingia, kwaya ikakatika katikati ya ubeti, watu wakaanza kumtukana. Katika giza hilo akapiga teke mlango wa jikoni, akaanza kung'oa viroba madirishani, anaburuta watu kuwatoa mvuani, anapiga kelele, "Ni moshi! Watoeni nje! Ni moshi!" Wale wa mlangoni wakaacha kuegemea. Tukabeba wengine kwa mikeka yao.

Wengi walizinduka pale pale nje, wanatetemeka, wanauliza kwa nini wamelazwa matopeni. Bibi tukampakia kwenye pikapu iliyoleta jeneza. Hospitali akawekwa oksijeni. Alipona, ingawa kwa muda mrefu alikuwa akichanganya majina ya wajukuu wake, na kabla ya hapo alikuwa hachanganyi hata la mbuzi.

Yule mzee mpaka leo anasema mtaalamu alikuwa njiani, ndiyo maana marehemu alitulia.

Mnyalu wa Kihesa
Aisee.

Dada wa Forest
Nimesoma huku nafungua madirisha.

Mama wa Uyole
Poleni sana. Ila mngewanywesha maziwa hapo hapo. Sumu yoyote dawa yake maziwa, sisi Uyole hilo tunalijua.

Nesi Mstaafu
Mama yangu, maziwa yanakwenda tumboni, sumu hii iko kwenye damu. Inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Ile harufu ya moshi mnayoisikia ni ya vitu vingine, kwa hiyo kutosikia harufu si salama. Inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni, ndipo mtu anapumua vizuri tu huku mwili unakosa hewa. Kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, kuchanganyikiwa, kisha usingizi. Na dalili kubwa ni ile aliyoisema ndugu: watu wa chumba kimoja wanaumwa pamoja, na ukitoka nje unapata nafuu.

Dawa ni kutoka nje na kupelekwa hospitali kupewa oksijeni, hata kama mtu amezinduka. Aliyezimia ukimmiminia maziwa unampalia, unamuua kwa kitu kingine. Na jiko la mkaa linatoa sumu ile ile. Wale mama walikuwa wanaipata pande mbili.

Mama wa Uyole
Sikusema aliyezimia. Nilisema wale wanaotapika. Msiniwekee maneno.

Halisi wa Bulongwa
Mnadharau sana. Mbona wanaume waliokuwa nje hawakuumwa? Kwa nini akina mama tu?

Ukungu wa Kitulo
Kwa sababu walikuwa nje, ndugu yangu.

Halisi wa Bulongwa
Wewe hukuwepo wakati mambo yanaanza. Ukoo ule tunaujua.

Ukungu wa Kitulo
Ukoo ni wangu!

Mtoto wa Isyesye
Wakuu, mambo ya ukoo yafungulieni uzi wake. Turudi kwenye jenereta. Nesi, umbali gani unatosha?

Nesi Mstaafu
Angalau mita 6 kutoka madirishani na milangoni, moshi uelekezwe mbali na nyumba. Nyumba yako na ya jirani pia.

Mbena Mpiga Deal
Kiwanja changu ni 15 kwa 20 na nyumba ipo katikati. Nikipima mita 6, jenereta iko kwa jirani na bili nalipa mimi.

Dada wa Forest
Na ukiiweka mbali wanaondoka nayo. Kwa kaka yangu Soweto ya hapa Mbeya waliibeba ikiwa inawaka. Taa zilipozima wakasema ndani, "Mafuta yameisha." Mvua kubwa, hakuna aliyetoka, wakalala. Asubuhi wanakuta waya tu umekunjwa vizuri. Wezi wastaarabu.

Mnyalu wa Kihesa
Huyo aliyekunja waya namheshimu.

Fundi Waya
Chomelea kizimba cha nondo, kiezekwe bati juu, pande zote wazi, chini zege iliyoinuka kidogo maji yasituame. Mnyororo. Hapo mwizi anahangaika na moshi unaondoka. Msizibe pande kwa sababu ya kelele. Na ukitumia ekstensheni ndefu ya kuviringisha, ifungue yote. Ikiwa imeviringwa na mzigo mkubwa inayeyuka.

Mama wa Uyole
Na oili? Mume wangu anasema inabadilishwa ikiwa nyeusi.

Mbena Mpiga Deal
Mimi naweka ile ya Fuso, nzito, haiishi.

Fundi Waya
Ya Fuso asubuhi ya Njombe? Ndiyo maana kamba inakung'oa bega. Weka nyepesi, iliyoandikwa 10W-30. Mpya ibadilishe baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100 au miezi sita, kinachotangulia, na kitabu chake kikisema vinginevyo fuata kitabu. Kipimo cha oili kiangaliwe kila kabla ya kuwasha, ikiwa sehemu tambarare. Vile vidogo vya kuchanganya oili na petroli ni habari nyingine.

Kama hutaitumia muda mrefu, funga koki ya mafuta uiache izime yenyewe kabureta likauke. Petroli iliyolala miezi inaacha utando, jeti inaziba. Ila kila mwezi iwashe kidogo na mzigo juu, si bure bure.

Mnyalu wa Kihesa
Ikauke halafu niiwashe kila mwezi? Chagua moja fundi.

Fundi Waya
Washa, kisha ikaushe. Mnanichosha.

Mtoto wa Isyesye
Sasa mimi nifanyeje na hii yangu?

Fundi Waya
Chenjiova, swichi ya kuchagua gridi au jenereta. Mkono juu gridi, katikati sifuri, chini jenereta. Pande mbili haziwezi kukutana hata ukilewa. Ikate waya wa moto na nyutro vyote. Halafu tenga bodi ndogo: taa, TV, friji, soketi moja ya kuchaji. Ethi rodi, ile nondo ya kupeleka umeme ardhini, ichimbiwe kwenye udongo wenye unyevu, si kwenye kifusi. Afunge mwenye leseni ya EWURA, siyo kijana aliyekufungia king'amuzi. Washa jenereta kwanza, itulie, ndipo uipe mzigo kimoja kimoja. Kuzima toa mzigo kwanza.

Mtoto wa Isyesye
Na hita ya ndoo?

Fundi Waya
Hita ya ndoo washa kuni.

Mzee wa Mbalizi
Hiyo chenjiova bei gani? Naulizia shemeji.

Fundi Waya
Inategemea ampea, mzee wangu, nyumba ya kawaida 63 inatosha. Lakini nikija kukufungia, samahani, kumfungia shemeji, ule waya wa dume kwa dume unaukata mbele yangu.

Mzee wa Mbalizi
Ule ni shaba tupu, siukati. Nitang'oa plagi moja.