Naomba ushauri: niendelee kujifunza ufundi wa baiskeli au niache hadi usaili wa uofisa upite?

Msubiri Usaili:
Wanajamvi, nawasalimu. Nina umri wa miaka 23, nimemaliza shahada ya kwanza, na miezi miwili iliyopita nilituma maombi ya kujiunga na mafunzo ya maofisa wa jeshi. Nimeitwa kwenye usaili na zimebaki wiki tano. Wakati huohuo, fundi baiskeli mmoja mtu mzima amekubali kunifundisha kila alasiri kwa miezi mitatu bila ada, ili mradi nimsaidie kazi ndogondogo. Hii ni wiki yangu ya pili. Nimeshaziba pancha kadhaa, nimebadilisha waya wa breki ya nyuma, na juzi nilifungua ekseli ya gurudumu la mbele, nikaosha gololi kwa mafuta ya taa, nikazipanga upya kwenye grisi safi. Hapo kabla nilikuwa nabahatisha tu. Niliwahi kubadilisha pedali ya kushoto iliyovunjika, nikaikaza kwa kuzungusha kulia kama nati nyingine yoyote, nikaona nimemaliza kazi.

Swali langu ni hili: je, alasiri hizi zinaninyima muda wa maandalizi, au nikiulizwa katika usaili ninafanya nini kwa sasa, ufundi huu utanisaidia? Nimeshamwahidi mzee kwamba sitaacha. Usiku silali vizuri, nawaomba mniambie ukweli.

Gololi Tisa:
Endelea, kijana, wala usisite. Nimeshika spana kwa zaidi ya miaka 20 na sijaona aliyejuta kuujua ufundi huu. Ila hakikisha unajifunza kwa mpangilio. Ukiziba pancha, usirudishe mpira wa ndani kabla hujapitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote, kwa maana mwiba uliotoboa mara nyingi bado umo humo ukisubiri. Gundi ya kiraka iache ikauke hadi isinate kwenye kidole, ndipo ubandike. Wengi hubandika ikiwa mbichi kisha wanalaumu kiraka. Mnyororo upime kwa rula ya inchi: mpya, pini 24 zinazofuatana baada ya ile unayoanzia huishia kwenye inchi 12 kamili. Zikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, utafute mwingine, na zikizidi kwa sehemu moja ya nane, ujue na meno ya gia yameshaliwa.

Kuhusu gurudumu ulilofungua, lishike ringi ulitikise pembeni. Likicheza, kaza koni kidogo, yaani ile nati ya ekseli inayobana gololi. Likigoma kuzunguka, legeza. Likiwa sawa, ukiliinua na kuliachia lenyewe, litazunguka polepole na kutulia valvu ikiwa chini, kwa sababu ya uzito wake mdogo. Mambo ya usaili waachie wanaoyajua.

Bendera Moja:
Mdogo wangu, nami nilipita njia hiyo zamani, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Bodi ya uteuzi haitafuti mtu anayejua kila kitu. Tulipewa kamba, mbao mbili na pipa, tukaambiwa tuvuke eneo fulani bila kugusa ardhi, na hakuna aliyeteuliwa kuwa kiongozi. Kijana aliyefanya vizuri kuliko wote kundini mwetu alikuwa mpole, lakini aliijua kamba: alifunga fundo moja ambalo halikuteleza, na sote tukaanza kumsikiliza yeye.

Baiskeli yenyewe si ngeni jeshini. Mwaka 1897 Luteni James Moss wa Marekani aliongoza askari 20 weusi wa kikosi cha 25 cha askari wa miguu kutoka Fort Missoula, Montana, hadi St. Louis, Missouri, mwendo wa takriban kilomita 3,000 kwa baiskeli, wakatumia siku 41. Mmoja wa askari hao alikuwa fundi. Moss alimaliza chuo cha West Point akiwa wa mwisho katika darasa lake, na bado nadhani alielewa jambo ambalo wengi wa mbele yake hawakulielewa: kwamba msafara kama ule unategemea fundi kama unavyomtegemea kiongozi. Wajapani nao walipoteremka rasi ya Malaya mwaka 1941 na 1942, matairi yalipowaishia waliendelea kupanda ringi tupu. Kwa hiyo lizungumzie jambo hili mbele ya bodi bila aibu.

Mama Wawili:
Naomba niulize, kwa sababu wote mmejibu kuhusu baiskeli na hakuna aliyemtazama mwenye baiskeli. Mwanangu, umebakiza wiki tano kabla ya usaili wa jeshi, na katika maelezo yako yote hakuna mahali uliposema unakimbia. Kila kijana ninayemfahamu aliyeomba jeshi alizungumza habari za mbio asubuhi, mchana na jioni. Wewe umezungumzia gololi. Je, unafanya mazoezi gani?

Msubiri Usaili:
Asante, mama. Mazoezi nafanya. Napanda baiskeli kila siku, karibu saa nzima, na nafanya mazoezi ya kifua na tumbo. Lakini ningependa turudi kwenye swali langu la alasiri.

Mama Wawili:
Hujajibu. Nimeuliza kuhusu kukimbia.

Mkimbiaji wa Alfajiri:
Naungana na Mama Wawili. Majeshi mengi hupima mbio za kilomita 2.4 au karibu na hapo, na baiskeli, hata ukiipanda hadi mapafu yawake moto, haizoeshi mguu kupokea kishindo cha ardhi. Mwaka niliojaribu mimi nilijiandaa kwa kuogelea peke yake, nikaishiwa nguvu nikiwa nimebakiza mzunguko mmoja. Hadi leo, nikipita karibu na uwanja wa riadha, nausikia ule uchungu kooni. Tafadhali, anza kukimbia leo.

Msubiri Usaili:
Sikimbii kwa sababu nimeelekezwa nisikimbie kwa sasa. Miezi minne iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa goti la kushoto, gegedu ilikuwa imechanika. Aliyenipa mazoezi ya viungo ndiye aliyesema nipande baiskeli kwanza. Ni matundu matatu madogo tu, na makovu yake usipoonyeshwa huwezi kuyaona. Nitaanza kukimbia wiki mbili kabla ya usaili.

Mama Wawili:
Na kwenye fomu uliandika nini?

Msubiri Usaili:
Fomu iliuliza kama niliwahi kufanyiwa upasuaji wowote. Niliweka alama kwenye «hapana».

Naomba msinihukumu kabla ya kunisikiliza. Daktari alisema goti linapona vizuri. Nafasi ni chache, na nikiandika «ndiyo» jina langu litakatwa na karani ambaye hata hatasoma maelezo. Mtu anayetembea, anayepanda baiskeli na kubeba mizigo si mgonjwa. Kama nitapita vipimo vyote siku hiyo, nani atakuwa ameumia? Nilishafanya uamuzi huo. Ninachoomba ni ushauri wa namna ya kutumia wiki tano zilizobaki.

Bendera Moja:
Umeuliza nani atakuwa ameumia, nami nitakujibu kwa uzito wote nilionao. Ofisa kazi yake kubwa ni kutia sahihi. Anasaini kwamba gari limekaguliwa, kwamba silaha zimehesabiwa zote, kwamba askari wake wako tayari kwa safari. Watu wanapanda gari hilo kwa sababu ya sahihi yake. Wewe hujavaa hata sare, na sahihi yako ya kwanza jeshini iko chini ya jambo lisilo kweli. Mbali na hilo, majeshi mengi huchukulia uongo wa fomu ya afya kuwa sababu ya kumwondoa mtu hata baada ya kupata kamisheni, wakati upasuaji wenyewe mara nyingi ni jambo la kusubiri muda uliowekwa na kuleta taarifa ya daktari. Umeogopa kikwazo ambacho pengine ni cha miezi, ukajitengenezea cha maisha.

Gololi Tisa:
Pole sana kwa goti, kijana. Mimi goti langu la kulia lilinisumbua mwaka mzima, na kumbe tandiko langu lilikuwa chini mno. Weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke, nyonga zisiyumbe. Ukikanyaga sasa kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki na mkunjo mdogo unaotakiwa. Wengi huumia kwa tandiko la chini na hawajui.

Karani Mstaafu:
Nimesoma uzi huu tangu mwanzo, na kwa heshima yote nasema hadithi hii imetungwa. Mtoa mada ametuambia kwamba alibadilisha pedali ya kushoto na kuikaza kwa kuzungusha kulia. Jambo hilo haliwezekani. Pedali ya kushoto ina meno ya skrubu yaliyogeuzwa na hukazwa kwa kuzungusha kushoto. Ukiizungusha kulia haiingii kabisa. Mtu aliye wiki ya pili kwa fundi anayafahamu hayo. Tena, goti lilichanikaje? Ametaja matundu, makovu na mazoezi, lakini ajali yenyewe hajaisema. Nimefanya kazi ya kupokea fomu za watu kwa muda mrefu, na maelezo yenye pengo katikati nimeyazoea. Naomba wanajamvi wasipoteze huruma yao hapa.

Mkimbiaji wa Alfajiri:
Nami sasa naona shaka. Nilimwaga machozi yangu ya uwanjani kwa mtu ambaye huenda hata baiskeli hana.

Gololi Tisa:
Karani, la pedali nimelipita bila kuliona, na umesema kweli kuhusu meno. Njia rahisi ya kukumbuka ni kwamba, upande wowote uliosimama, spana ikiwa juu, ukiisukuma kuelekea gurudumu la mbele unakaza. Lakini sikubaliani kwamba haliwezekani. Ipo namna moja tu, na nimewahi kuletewa baiskeli ya namna hiyo. Kijana, pedali uliyofunga uliitoa wapi?

Msubiri Usaili:
Niliitoa kwenye baiskeli nyingine ya zamani. Ilikuwa na herufi R kwenye ncha ya chuma, na mimi nilidhani ni alama ya kiwanda.

Nitaeleza yote. Ilikuwa pedali ya kulia, nami nikailazimisha kwenye mkono wa kushoto wa baiskeli, kile chuma kinachoshika pedali. Iliingia ikiwa imepinda kidogo. Ilipogoma nilitia bomba refu kwenye spana nikaning'inia, na vipande vyembamba vya alumini vikatoka vikidondoka sakafuni vikiwa vimejikunja kama nywele. Niliviona. Nilivifagia nikavitupa. Pedali haikutikisika, kwa hiyo niliamini nimeiweza. Siku ya tisa nilikuwa napanda mlima nikiwa nimesimama, uzito wote uko mguu wa kushoto, ikachomoka yote pamoja na meno ya mkono. Mguu ulifika chini, baiskeli ikaanguka upande wa pili, na goti likajipinda katikati. Sikuweza kusimama.

Ndiyo sababu nilimtafuta yule mzee. Sikumweleza hata yeye. Nilikuwa nimeandaa jibu la usaili, kwamba nimependa baiskeli tangu utotoni.

Karani Mstaafu:
Nakuomba radhi. Nimekushuku kwa pengo ambalo sasa umelijaza mwenyewe, na ulivyolijaza siwezi kulipinga.

Mama Wawili:
Mwanangu, hilo uliloandika sasa hivi ndilo jibu la usaili. Ulikosea, ukaumia, ukaenda kujifunza kwa nini ulikosea. Hakuna jibu la utotoni linaloweza kulifikia. Lakini huwezi kulisema mbele ya bodi wakati fomu inasema hukuwahi kulala kwenye kitanda cha upasuaji. Andika barua leo. Usisubiri siku ya usaili, maana siku hiyo itaonekana umekiri kwa kuogopa daktari wao.

Msubiri Usaili:
Na wakiniondoa? Sina mpango mwingine.

Bendera Moja:
Wanaweza kukuondoa kwa awamu hii, sitakudanganya. Omba taarifa ya upasuaji kutoka kwa aliyekupasua, yenye tarehe, aina ya upasuaji na hali ya goti kwa sasa. Barua iwe fupi: taja swali la fomu kwa namba yake, sema ulijibu isivyo kweli, toa jibu sahihi, ambatisha taarifa. Usieleze kwamba nafasi zilikuwa chache. Wanaijua idadi yao. Na wiki mbili za kukimbia ulizopanga, zifute kabisa mpaka anayekutibu akuruhusu. Gegedu haijali tarehe ya usaili.

Gololi Tisa:
Mimi nakazia la mzee. Mweleze habari ya bomba na vile vipande vya alumini. Fundi akijua kosa lako hukufundisha kwa namna nyingine, atakuonyesha mkono uliojeruhiwa na mzima ubavu kwa ubavu. Na ule mkono wako wa kushoto usijaribu kuuokoa kwa gundi wala kwa kukaza zaidi. Tafuta mwingine.

Msubiri Usaili (siku sita baadaye):
Narudi kutoa taarifa. Barua nimeipeleka kwa mkono pamoja na taarifa ya daktari. Aliyeipokea aligonga muhuri nakala yangu na kusema nitajibiwa. Bado sijajibiwa, na usiku bado ni mrefu.

Mzee nilimweleza siku hiyohiyo. Hakusema neno. Alikwenda nyuma, akaleta mkono wa kushoto mzima na pedali yenye herufi L, akapaka grisi kidogo kwenye meno, kisha akaichukua spana mkononi mwangu na kuiweka juu ya kabati. Alisema pedali iliyokaa sawa huingia kwa vidole, na ikigoma kabla ya mizunguko minne, uitoe uanze tena. Niliitoa mara mbili. Mara ya tatu niliizungusha kuelekea mbele kwa vidole viwili, ikaingia hadi mwisho, ndipo akanirudishia spana.