Seva ndogo ya nyumbani Lamu: Raspberry Pi 5, kompyuta ya N100 au Synology?

Mkaazi wa Mkomani: Assalamu alaikum, ndugu zangu. Nataka kununua chombo kidogo cha kuwekea tovuti zangu hapa nyumbani, niache kulipia seva ya kukodi kila mwezi. Nasita kati ya Raspberry Pi 5 (kompyuta ya kibao kimoja kidogo), kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel N100, na kisanduku cha Synology cha diski mbili, cha kuhifadhia faili kwenye mtandao wa nyumbani. Ndugu yangu anakwenda Mombasa Jumatatu na ndiye atakayeninunulia.

Fundi wa Malindi: Wa alaikum salaam. Umeacha mambo ambayo bila ya kuyajua hatuwezi kukushauri kwa haki. Tovuti ni ngapi, na zina hifadhidata? Intaneti ni ya waya au ya laini ya simu? Umeme ukikatika, una betri ya akiba?

Mkaazi wa Mkomani: Niwieni radhi. Ni tatu: ya nyumba yetu ya wageni, inayotumia WordPress (programu ya kuendeshea tovuti), ya picha za majahazi, na ya mashairi ya marehemu babu. Intaneti ni ya laini ya simu. Betri sina.

Mwalimu wa Shela: Chochote utakachonunua, usitegemee kadi ya kumbukumbu. Nilikuwa na Raspberry Pi 4 iliyobeba tovuti ya wanafunzi wangu, na mfumo pamoja na hifadhidata vilikaa juu ya kadi moja ya microSD. Usiku mmoja wa kusi umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, hifadhidata ikiwa katikati ya kuandika. Asubuhi chombo hakikuwaka, na insha za miezi minne zikapotea, kwa kuwa hata nakala ya akiba niliiweka kwenye kadi ile ile. Watoto walikuja kuniuliza insha zao nami sikuwa na la kuwaambia. Ukichukua Pi 5, ongeza kibao cha kuchomekea diski ya NVMe (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) na chaja yake rasmi ya wati 27.

Fundi wa Malindi: Ukishajumlisha hayo yote, bora N100, ambayo prosesa yake imekadiriwa wati 6 na zipo zisizo na feni ya kuvuta hewa ya chumvi. Ila kikwazo chako kikubwa ni laini: kwa kawaida wateja wengi wa simu hushirikishwa anwani moja ya IP ya umma (namba ya kukutambulisha kwenye intaneti), kwa hivyo mgeni wa nje hawezi kukufikia moja kwa moja. Huduma ya Cloudflare Tunnel hutatua hilo, maana seva yako ndiyo inayofungua njia kwenda nje, na wageni hupitia humo.

Binti wa Langoni: Kaka, tovuti ya wageni ni riziki, iache kwenye seva ya kukodi. Picha na mashairi yanafaa Synology, kwa sababu diski zake mbili zikipangwa zibebe nakala ileile, moja ikifa ya pili inabaki.

Fundi wa Malindi: Dada, diski mbili hazimkingi aliyefuta faili kwa bahati mbaya, kikifutwa huku kinafutika na kule.

Mwalimu wa Shela: Naungana na Binti kuhusu riziki, lakini mashairi ya marehemu hayapatikani tena yakipotea. Yawe na nakala nje ya nyumba.

Mkaazi wa Mkomani: Nakala nitaipeleka kwa dada yangu Malindi. Je, UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 inaweza kubeba ruta na N100 pamoja?

Fundi wa Malindi: Soma kwanza chaja ya hiyo N100. Nyingi hutumia volti 12, lakini zipo za 19.